Kuwatazama kasa katika kinamasi cha chumvi: jibu kwa msomaji aliyerudi bila kumwona hata mmoja

Msomaji mmoja ameeleza kwamba familia yake imepanga nyumba kwenye pwani ya kusini ya New Jersey, nchini Marekani, kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Julai, na kwamba nyuma ya nyumba hiyo kinaanza kinamasi kikubwa cha chumvi ambacho wenyeji wanasema kimejaa kasa. Amekwenda mara kadhaa alfajiri akiwa na darubini, kwa kuwa siku zote amesikia kwamba wanyama huonekana mapema, lakini ameambulia nyasi, tope na ndege waliokwisha kuruka. Anauliza aende saa ngapi na akae wapi, ni viumbe gani wengine awatarajie, na afanye nini akimkuta kasa katikati ya barabara, kwa sababu jirani yake amemwonya kwamba jambo hilo hutokea kila Juni.

Kosa lake, kama linastahili kuitwa kosa, ni kufuata jua mahali ambapo wanyama wanafuata maji. Kwenye pwani hiyo bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati za kujaa na kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo alfajiri iliyokuta maji yamejaa itakuta yamekupwa baada ya wiki moja. Mtu anayekwenda saa kumi na mbili asubuhi kila siku anakuta kinamasi tofauti kila anapofika, na pengine siku zote alizochagua zilikuwa zile ambazo kasa wametawanyika ndani ya nyasi wasikoonekana. Kabla ya darubini, basi, atafute jedwali la maji kujaa na kupwa la eneo lake. Aangalie pia kwamba jedwali hilo ni la kituo kipi, kwa sababu saa zinazotajwa mara nyingi ni za mlango wa bahari, ilhali maji huchukua muda kupenya mikondo yenye kona nyingi hadi nyuma ya kinamasi. Tofauti ya saa moja au zaidi ni jambo la kawaida, na njia nzuri ya kuijua ni kuchomeka kijiti ukingoni mwa mkondo siku ya kwanza na kuona maji yanageuka lini hasa.

Kasa anayemtafuta ni terapini, ambaye kwa jina la kisayansi ni Malaclemys terrapin. Anaishi kwenye pwani ya mashariki ya Marekani kuanzia Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, hadi Ghuba ya Meksiko upande wa Texas, na ndiye kasa pekee wa Amerika ya Kaskazini anayeishi maisha yake yote katika maji ya chumvichumvi, yaani mahali ambapo maji ya mito na ya bahari yanachanganyika. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa kiasi kinachoonekana hata kwa mbali: gamba la jike huwa na urefu wa kati ya sentimita 15 na 23, wakati la dume ni kati ya sentimita 10 na 14 hivi. Ngozi ya kichwa na shingo ni ya kijivu au nyeupe iliyofifia, yenye madoa na mistari meusi, na kila kigae cha gamba la mgongoni kina duara ndani ya duara. Miguu yake ina utando na kucha. Alama hiyo ni muhimu, kwa sababu wakati wa kiangazi kasa wadogo wa baharini nao huingia katika ghuba za eneo hilo, na hao wana makasia badala ya miguu.

Maji yanapojaa, terapini huingia nayo ndani ya nyasi kutafuta chakula. Yanapokupwa, hurudi kwenye mikondo, kwa kuwa akichelewa atabaki juu ya tope. Hapo ndipo penye nafasi ya mtazamaji. Achague mdomo wa kijito chembamba, cha mita tatu hadi tano hivi, pale kinapomwaga maji katika mkondo mkubwa, afike maji yakiwa yameanza kupungua, na akae pale kwa saa mbili au tatu bila kuhamahama. Jua liwe mgongoni mwake. Akae chini, maana mtu aliyesimama kwenye uwanda usio na mti huonekana kutoka mbali na kila kiumbe chenye macho. Siku ya upepo abaki nyumbani au atazame ndege, kwa sababu viwimbi vidogo vinatosha kuficha anachokitafuta.

Anachokitafuta ni kichwa tu, kisichozidi ncha ya kidole gumba, kinachotokeza juu ya maji kwa sekunde chache na kuzama. Wageni wengi wamekwisha kuwaona terapini kadhaa wakadhani ni vijiti. Kijiti huenda na maji. Kichwa cha kasa hukaa mahali pamoja dhidi ya mkondo, au husogea kuvuka mkondo, na hutokeza kikiwa kimeinama kidogo kwa nyuma, pua ikiwa juu. Akipatikana mmoja, darubini isimfuate. Ibaki pale pale alipozama, kwa sababu wengine hupita njia hiyo hiyo, na baada ya dakika chache macho huzoea umbo hilo kiasi kwamba mtu hushangaa alivyokuwa haoni. Darubini ya kukuza mara nane inatosha kabisa; ya kukuza mara kumi na mbili hutikisika mkononi na eneo inaloonyesha ni finyu mno kwa kazi hii. Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji itamsaidia kuliko kuongeza ukuzaji.

Msomaji amebahatika kwa majira. Terapini hujizika katika tope la chini ya mikondo msimu wote wa baridi na kuibuka kwenye Aprili. Mwezi wa Mei ni wakati wa kupandana, na katika hori zilizotulia vichwa vingi huonekana pamoja, madume kadhaa wakimzunguka jike mmoja. Huo ndio wakati bora wa kuwaona majini, na ningemshauri atumie wiki zake mbili za kwanza kwa jambo hilo tu. Akiwa na kayaki, aiache ielee na maji yanayokupwa bila kupiga kasia, na apande akijua atarudi vipi, kwa kuwa kijito kinachopitika saa moja baada ya maji kujaa kinaweza kuwa tope tupu saa tatu baadaye.

Kuna mwenendo mmoja ambao wachache huutazama kwa sababu hutokea wakati watu wamekimbilia ndani. Terapini ana tezi karibu na jicho inayotoa chumvi ya ziada mwilini, lakini tezi hiyo haimtoshelezi kabisa. Bado anahitaji maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mvua inaponyesha, maji yake ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu kama utando mwembamba kabla ya kuchanganyika. Kasa huja juu, hulaza kichwa sambamba na uso wa maji, na kuunywa utando huo. Wengine huinua kichwa na kupokea matone mdomoni. Manyunyu ya mchana bila radi, mkondo ukiwa umetulia, ni fursa ambayo nisingeikosa kwa ajili ya nguo kavu. Radi ikisikika, hata kwa mbali, aondoke, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa kitu kirefu kuliko vyote kinamasini.

Kuhusu viumbe wengine, aanze na nyasi zenyewe, kwa sababu zinamwambia maji hufika wapi. Nyasi ndefu na ngumu za kingo za mikondo, zinazojulikana kisayansi kama Spartina alterniflora, huzama kila siku. Zile fupi na laini zilizolala kwa mizunguko juu zaidi, Spartina patens, hufikiwa zaidi na maji ya bamvua, wakati mwezi ni mpevu au mwandamo. Harufu ya yai bovu inayotoka kwenye tope si dalili ya uchafu. Ni gesi inayotolewa na bakteria wanaoozesha mimea mahali pasipo na oksijeni.

Kwenye mashina ya nyasi ndefu, hasa kadiri mtu anavyoelekea kusini mwa pwani hiyo, wako konokono weupe wadogo wa aina ya Littoraria irrorata. Amchague mmoja na kumtazama maji yanapojaa: hupanda shina polepole, akibaki juu kidogo ya maji, kwa sababu kaa wa buluu huja na maji hayo kumtafuta. Konokono huyu hukwaruza majani hadi yapate vidonda, kisha hula kuvu inayoota katika vidonda hivyo. Mwaka 2002 watafiti Brian Silliman na Mark Bertness walichapisha matokeo ya majaribio ambamo konokono hawa, walipokingwa na wanyama wanaowala na kuachwa wawe wengi, waliyageuza majani yaliyostawi kuwa tope tupu katika muda wa miezi minane. Terapini ni mmoja wa wanaowala. Majike, kwa vichwa vyao vipana na taya zenye nguvu, huwavunja hata wale wakubwa ambao madume hawawawezi. Ndiyo maana simshauri mtu amtazame kasa peke yake na kuacha kinachomea na kutambaa karibu naye.

Kwenye tope lililo wazi maji yakiwa yamekupwa, akikaa kimya kwa dakika kumi, mashimo yaliyoonekana matupu yatatoa kaa wadogo kwa mamia. Dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, ambalo hulipunga kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake, na hula kwa lile dogo pekee. Jike ana mawili madogo na hula kwa yote mawili, kwa hiyo hushiba upesi zaidi. Vidonge vidogo vya tope vilivyozagaa mdomoni mwa kila shimo ni vya kazi yao: vikubwa ni vya kuchimba, vidogo ni mabaki ya tope lililochujwa chakula. Chini kidogo ya mizizi ya nyasi kuna kome wenye mifereji kwenye gamba, wamejizika nusu, na yangeyange weupe hupita juu yao wakivizia samaki wadogo katika vidimbwi vilivyoachwa na maji.

Katika ndege, wapo wawili ambao ningependa awape muda. Wa kwanza ni ndege wa kijivu na kahawia wa jamii ya kukuziwa, Rallus crepitans, ambaye kinamasi kizima husikika kwa mlio wake wa kugongagonga unaoanza kwa kasi na kupungua, lakini mwenyewe hupita katikati ya mashina bila kutikisa jani. Huyu atafutwe kinyume cha kasa: maji ya bamvua yakiwa yamejaa kabisa, nyasi zimezama, naye amesukumwa hadi kingo za barabara na tuta. Wa pili ni shomoro wa vinamasi vya chumvi, Ammospiza caudacuta, mwenye rangi ya machungwa usoni. Jike hujenga tago sentimita chache tu juu ya ardhi katika nyasi fupi, na inambidi atage, aatamie na makinda yawe na uwezo wa kupanda mashina katika nafasi ya takriban wiki nne iliyoko kati ya bamvua moja kubwa na nyingine. Kina cha bahari kinavyopanda, nafasi hiyo inafinywa, na idadi yao imeshuka vibaya tangu miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo, mtu asikanyage nyasi fupi katika miezi ya Juni na Julai hata kama tope ni gumu na njia inaonekana rahisi. Abaki kwenye tuta, kwenye barabara au kwenye daraja la mbao.

Juu ya nguzo na majukwaa ataona viota vikubwa vya vijiti vya Pandion haliaetus, ndege mwindaji wa samaki mwenye tumbo jeupe. Hao hawahitaji maelekezo, kwa kuwa watajionyesha wenyewe. Inatosha kukumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 New Jersey ilikuwa imebakiwa na jozi 50 hivi, kwa sababu dawa ya DDT iliyopuliziwa mbu vinamasini ilifanya maganda ya mayai yawe membamba, na kwamba walianza kurudi baada ya dawa hiyo kupigwa marufuku nchini humo mwaka 1972. Akitaka siku ya kutazama ndege bila kuingia topeni, hifadhi ya taifa ya wanyamapori ya Edwin B. Forsythe, karibu na Atlantic City, ina barabara ya mzunguko ya kilomita 13 hivi katikati ya vinamasi na mabwawa, na gari lenyewe ni maficho mazuri kuliko mtu anayetembea.

Mwezi wa Juni mambo hubadilika, kwa sababu majike huacha maji na kutafuta mchanga ulio juu ya mahali bahari inapofika. Wengi hupanda mchana, maji yakiwa yamejaa, jambo linalowapunguzia safari ya kutambaa. Akimwona jike anachimba, asimame hapo alipo, walau mita kumi na tano nyuma yake, na asisogee. Jike huchimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, akinyanyua mchanga kidogo kidogo hadi shimo lifikie kina cha sentimita 15 hivi, na katika hatua hiyo akishtuliwa huacha kila kitu na kurudi majini. Akishaanza kutaga, kwa kawaida mayai kumi hivi katika eneo hilo, hutulia zaidi, ila mtazamaji asilichukue hilo kuwa ruhusa ya kumkaribia. Kisha hufukia, hukanyagakanyaga na kusawazisha mchanga kwa tumbo, na kuondoka bila kugeuka. Mtu aliyeona yote hayo asiende kukagua mahali hapo, asiweke alama ya kijiti wala jiwe, na asiwapeleke wengine kuona. Rakuni na mbweha hunusa mchanga uliofukuliwa karibuni, kunguru na shakwe hutazama, na viota vingi huchimbwa katika saa za kwanza baada ya kutagwa. Maganda yaliyojikunja kandokando ya shimo lililo wazi ndiyo ushahidi wa hilo, na atayaona mengi kuliko atakavyopenda.

Mayai yaliyosalimika huangua baada ya miezi miwili hadi mitatu, kutegemea joto la mchanga, na joto hilo hilo ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa chini ya nyuzi 28 hivi hutoa zaidi madume, na wa zaidi ya 30 hutoa majike. Msomaji atakuwa amekwisha kuondoka, lakini katika Mei anaweza kukuta watoto walioangua mwaka uliopita wakakaa ndani ya kiota msimu wote wa baridi. Wana urefu wa sentimita tatu hivi, na mara nyingi hukimbilia nyasi badala ya maji, wakajificha chini ya majani makavu yaliyotupwa na bahari. Hivyo asipite juu ya mirundo hiyo, na akimkuta mtoto anaelekea kwenye nyasi, asimchukue kumtia baharini akidhani amepotea.

Sasa barabara. Barabara nyingi zinazounganisha visiwa vya pwani hiyo na bara zimejengwa juu ya tuta la mchanga na changarawe linalokatiza kinamasi, na kwa jike anayetafuta mahali pakavu, tuta hilo ni mahali pazuri. Anayegongwa na gari, kwa hiyo, mara nyingi ni jike mzima mwenye mayai, aliyechukua miaka mingi kufikia umri wa kuzaa, na hasara ya mmoja kama huyo haifidiwi upesi. Tatizo hilo haliishii kwenye magari: mwaka 2011, katika uwanja wa ndege wa John F. Kennedy huko New York, ambao umepakana na ghuba yenye vinamasi, terapini zaidi ya 100 walipanda njia ya kurukia ndege kutaga na kuchelewesha safari.

Akimkuta, ahakikishe kwanza usalama wake mwenyewe. Asisimamishe gari kwenye kona wala kukimbia mbele ya magari. Njia ikiwa salama, amshike kwa mikono miwili pande zote za gamba, katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma, amwinue chini chini, na amvushe upande ule ule aliokuwa anauelekea, hata kama kwa macho ya binadamu upande huo hauna maana yoyote. Akimrudisha alikotoka, jike atapanda tena barabara baada ya muda mfupi. Asimshike mkia. Asimpeleke mahali pengine "penye usalama zaidi", na asimpeleke nyumbani hata kwa usiku mmoja: tangu 2016 sheria ya New Jersey inamweka terapini miongoni mwa wanyama wasiowindwa, na kumkamata au kumfuga ni kosa. Aliyejeruhiwa awekwe ndani ya boksi kavu lenye kivuli, bila maji, na taarifa itolewe. Taasisi ya The Wetlands Institute iliyoko Stone Harbor, iliyoanzishwa mwaka 1969, imefanya kazi na terapini kwa miongo kadhaa, ikiwa ni pamoja na kuweka uzio kando ya barabara na kuokoa mayai kutoka kwa majike waliouawa na magari. Hata aliyekufa anafaa kutolewa taarifa mapema, maana mayai yake huenda bado yana uhai.

Jambo moja hakuliuliza, lakini nadhani litamhusu kwa kuwa nyumba za eneo hilo mara nyingi zina gati: wageni hupenda kutega dema la waya la kukamatia kaa. Terapini hufuata chambo, huingia, na kwa kuwa anapumua hewa, hufa maji humo ndani. Sheria ya jimbo inataka madema ya aina inayotumiwa na wavuvi wa biashara, yakitegwa kwenye mifereji iliyochimbwa na watu au mikondo yenye upana usiofikia mita 46 hivi wakati maji yamekupwa, yawe na fremu ya sentimita 5 kwa 15 katika kila mlango, ambayo huwapitisha kaa na kuwazuia kasa wengi. Akikuta dema kwenye gati la nyumba aliyopanga, alikague kabla ya kulitumia, na likikosa fremu hizo lisiingie majini.

Mwisho ni vitu vidogo. Kupe wapo kwenye nyasi za kingo, kwa hiyo suruali iingizwe ndani ya soksi na mwili ukaguliwe jioni. Kuanzia mwishoni mwa Juni hutokea nzi wakubwa wenye macho ya kijani ambao kuuma kwao hakusahauliki; rangi nyeupe au nyepesi ya nguo husaidia kidogo, upepo husaidia zaidi, na dawa za kujipaka karibu hazisaidii kitu. Picha azipige apendavyo, ila kabla ya kuzisambaza aondoe taarifa za mahali zilizohifadhiwa na simu na asitaje jina la kijito, kwa sababu wapo watu wanaowakusanya terapini kwa biashara haramu ya wanyama wa kufugwa, nao husoma maelezo ya watalii kwa makini kuliko sisi.